AC inanuka? Acha gesi ipumzike

Juzi tena. Simu saa moja asubuhi, mteja wa Forest, hapa Mbeya: "Fundi, AC inanuka kama soksi zilizolowa, njoo na gesi." Nilienda bila gesi.

Gesi ya AC si ya kupikia, jamani. Haichomwi wala haiishi kwa kutumika. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, indoor (mashine ya ndani) hadi outdoor (ya nje) na kurudi, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekuongezea kila mwaka bila kutafuta tundu anakukamua tu, na akizidisha, compressor, ile pampu inayosukuma gesi, ndiyo inayoumia. Mama huyu alishaongezewa mara tatu!

Nikafungua indoor mbele yake. Filta safi, anaiosha mwenyewe, hongera. Nikamulika feni kwa tochi ya simu: kila pezi limeshika ukoko mweusi, mithili ya sufuria ya ugali iliyosahaulika. Nilipopiga maji ya presha, yalitoka kama kahawa ya Mbozi. Akanyamaza, kisha: "Hicho ndicho tunachovuta?" Ndicho, mama.

Koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, ikipoa, mvuke wa hewani unageuka maji juu yake, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji, vumbi, giza. Ukungu hauhitaji kingine. (Nasema huu wa kuota, si ule unaoshuka mlima Loleza.)

Halafu utasikia: "Mbeya baridi, AC haiwezi kuota ukungu." Baridi ndiyo inayotuponza! Huku unaiwasha siku chache za joto, Oktoba na Novemba. Mvua zikianza unaizima kwa rimoti, koili imelowa chapachapa, unaiacha hivyo bila kuiwasha msimu mzima. Juni unaiwasha upande wa joto, inakupulizia harufu yote kitandani. Nanyi mliofunga BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba cha watoto: inapoza dakika chache, inakata kabla haijakausha hewa. Chumba baridi, unyevu palepale. Ya 9,000 ingetosha, ila jirani angekuonaje?

Kabla ya kuzima, iache kwenye feni tupu nusu saa. Jiki usitie, inakula aluminiamu ya koili na mvuke wake utauvuta wewe.

Nikiri: gesi ikivuja, koili inaweza kuganda barafu, na ikiyeyuka maji yanafurika trei ya kuyakinga. Kwa hiyo zipo siku gesi inahusika. Na kuna nyumba mbili Kyela, mtaa mmoja, mashine aina moja, niliziosha siku moja. Moja ni mwaka wa pili inapuliza hewa safi. Nyingine ilinuka baada ya miezi minne. Nimekagua mteremko wa bomba la maji, trei, filta, sioni tofauti. Nashuku nguo wanazoanika sebuleni, maana Kyela ikinyesha kamba ya nje haina kazi. Nimewaomba wahamishie barazani. Nikirudi kuosha nitaanza kuangalia feni.