Kusinki barua pepe maana yake nini, na kwa nini simu na kompyuta hazielewani

Mafundi wa Kariakoo husema "kusinki". Kwenye maandishi rasmi utakuta "kusawazisha". Kwa upande wa barua pepe, maana yake ni kwamba ujumbe uwe na hali moja popote unapoufungulia. Ukiusoma kwenye simu ukiwa ndani ya mwendokasi, ukifika ofisini kompyuta ionyeshe kuwa umeshasomwa. Ukiufuta huku, na kule usionekane.

Fikiria sanduku la posta. Wengi wetu Dar hatuletewi barua mlangoni, tunazifuata kwenye S.L.P. Seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua zako, ndiyo hilo sanduku. Simu ya bosi, laptopu ya mhasibu na kompyuta ya kaunta kila moja ina ufunguo wake, ila tabia zinatofautiana. Njia za kuchukua barua ni mbili, POP3 na IMAP. Anayekuja kwa POP3 ni kama tarishi: anafungua, anabeba kila kitu, anaondoka. Anayekuja kwa IMAP anasoma palepale, anaweka alama kwamba hii imesomwa, anairudisha ndani. POP ya kwanza, iliyotangulia POP3, ilitoka mwaka 1984, enzi ambazo mtu kuwa na kompyuta moja tu ilikuwa bahati. IMAP aliibuni Mark Crispin miaka miwili baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Sasa tuseme duka la vipuri. Bosi anaona oda ya mteja wa Morogoro kwenye simu saa tatu asubuhi, anasema ngoja ninywe chai kwanza. Akirudi, oda haipo. Karani anaanza kutazamwa kwa jicho baya, na hana kosa: kompyuta yake ya kaunta imewekwa POP3, imeibeba barua na kuifuta kwenye seva. Fungua mipangilio ya akaunti utazame namba ya poti, yaani mlango ambao programu hupitia kuingia kwenye seva. 110 au 995 ni POP3. 143 au 993 ni IMAP.

Ukikuta 110 au 995, usikimbilie kuifuta akaunti hiyo. Barua zilizokwisha kubebwa huenda ziko ndani ya mashine hiyo peke yake, na ukiifuta zinakwenda nayo. Hifadhi nakala kwanza, ongeza akaunti ileile upya kwa IMAP, kisha buruta barua za zamani uzirudishe kwenye folda za seva. Ni kazi ya kuchosha, hasa kwa bando la kuungaunga, lakini njia ya mkato hapa ndiyo inayopoteza kumbukumbu za miaka.

Kabla ya yote hayo, ingia kwenye barua pepe kupitia kivinjari. Hapo unaona kilichomo sandukuni chenyewe. Barua ikiwepo, tatizo ni kifaa. Isipokuwepo, acha kugombana na simu.

Barua zilizotumwa zina kisa chao. Kutuma ni kazi ya SMTP, njia ya tatu iliyo ya kupeleka barua tu, na yenyewe haihifadhi nakala. Mara nyingi ni programu yako inayopandisha nakala kwenye seva baada ya kutuma. Ndiyo maana mteja anaweza kuipata ankara na wewe usiione popote. Tena simu inaweza kuweka nakala kwenye folda ya "Sent" na kompyuta kwenye "Sent Items", kila moja ikiamini iko sahihi. Chagua folda moja, uielekeze kila programu huko.

Mengine ni madogo: nafasi imejaa kwenye seva, nenosiri limebadilishwa kwenye kifaa kimoja vingine vikaachwa na la zamani, au simu imepangwa kuonyesha barua za mwezi mmoja tu na mtu anadhani za nyuma zimepotea.

Ukishamaliza, jitumie barua ya majaribio. Iache ifike kote, ifungue kwenye simu, halafu tazama kompyuta bila kugusa kitu. Kichwa cha barua kilichokuwa kimekolea wino kikififia chenyewe, zimeelewana.