Programu ya seva ikianguka, je, kujiwasha upya kunatosha?

Watunza seva wengi hapa Tanga huamini kwamba programu ikianguka, kuipanga ijiwashe yenyewe kunamaliza tatizo. Kunasaidia kweli, hasa usiku wa manane. Lakini chanzo hubaki palepale: diski iliyojaa, programu inayokula kumbukumbu ya kompyuta (RAM) bila kuirudisha, mpangilio wenye kosa. Kinachonitia hofu zaidi ni programu zinazoandika data. Zikianguka na kuamka mfululizo zinaweza kuharibu rekodi za watu, na hapo afadhali huduma isimame.

Ndiyo maana systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye mfumo wa Linux, hata ikiagizwa kuwasha upya, kwa kawaida huacha baada ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Hakikisha mwenyewe: amri ya systemctl show -p NRestarts pamoja na jina la huduma huonyesha imejiwasha mara ngapi, na journalctl -u pamoja na jina hilo huonyesha ilichoandika kabla ya kuanguka.