Kinga ya Mlango wa Kizazi: Maswali na Majibu

Ninatumia ARV bila kuruka siku, na virusi vya UKIMWI havionekani tena kwenye kipimo. Kwa nini bado ninaambiwa nikapime mlango wa kizazi?

Kwa sababu kipimo cha damu hueleza habari za damu, ilhali kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hakisambai kwa njia ya damu. Hupenya kwenye mchubuko mdogo, kikajificha katika tabaka la chini la seli, kisha kikatoka pamoja na seli za juu zinazobanduka zenyewe. Kwa kuwa hakiziui seli hizo, hakuna homa wala maumivu ya kuushtua mwili mzima, na ulinzi hubaki kuwa kazi ya kinga ya pale pale.

Kinga hiyo ni ipi?

Ni ute, ni bakteria wenye manufaa wanaoufanya uke uwe na asidi, na hasa ni seli za Langerhans, ambazo hutandaza matawi yake katikati ya seli nyingine, hunasa vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye tezi za limfu ili seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zifundishwe kukishambulia. Kazi yake ni kubwa mno: wanawake wapatao 9 kati ya 10 walioambukizwa huondokewa na kirusi ndani ya miaka 2 bila dawa yoyote. Kinga hii inapolegea, kirusi hung'ang'ania, na protini zake za E6 na E7 huvuruga breki za ukuaji wa seli huku zikizipunguza seli hizo hizo za Langerhans. Sigara nayo huzipunguza.

VVU huongeza hatari kwa kiasi gani?

Takriban mara 6. Safari ya saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, huweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10. ARV hupunguza hatari hiyo lakini haziifuti. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye VVU aanze kupima akiwa na miaka 25, badala ya 30 kama wanawake wengine.

Je, chanjo ya HPV hutibu?

Hapana. Humkinga msichana kabla hajakutana na kirusi.

Kipimo chenyewe kikoje?

Kwa njia ya siki, muuguzi hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, husubiri dakika 1, kisha huangalia: sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo.