German Shepherd au Rottweiler: swali la "yupi mkali" limenichosha

Jumamosi iliyopita baba mmoja wa makamo alimleta kliniki mbwa jike wa Rottweiler mwenye umri wa miezi 11, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kwamba anataka kumrudisha kwa muuzaji ili abadilishiwe apewe German Shepherd. "Huyu hana ukali, Daktari. Mgeni akiingia anamnusa, kisha anarudi kulala." Wakati akisema hayo, mbwa mwenyewe alikuwa ameegemeza ubavu wake wote kwenye paja la binti wa yule baba, mtoto wa miaka minane hivi, ambaye alikuwa akimkuna nyuma ya sikio bila hata kumtazama. Nilimwangalia yule mbwa, nikamwangalia mtoto, nikajiuliza ni kitu gani kingine familia ile ilikuwa inakitafuta.

Swali la yupi mkali kati ya hawa wawili nimeulizwa mezani kwangu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila mara nimelijibu kwa haraka kwa sababu nje kuna foleni. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa kuwa nimeona majibu ya haraka hayajasaidia mbwa wala watoto.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunaposema mbwa ni mkali, tunafunga katika neno moja tabia tatu zisizohusiana. Kuna mbwa makini, ambaye husikia komeo la geti kabla yako na hubweka. Kuna mbwa jasiri, ambaye hubaki amesimama wakati mtu mgeni anamsogelea, akimpima, bila kukimbia na bila kurukia. Halafu kuna mbwa mwoga, ambaye amejifunza kwamba njia pekee ya kumwondoa mtu karibu naye ni kumng'ata. Huyu wa tatu ndiye anayeandikiwa kibao getini, ndiye anayesifiwa mtaani, na ndiye ninayemshona majeraha na kuandika barua za wenye mbwa kwenda kwa majirani. Saa moja kabla ya yule Rottweiler, nilikuwa nimempokea mbwa wa namna hiyo, dume la German Shepherd la miaka miwili, ambaye mwenye mbwa alijivunia kwamba hakuna mtu anayeweza kupita mbele yake. Mkia ulikuwa umebanwa hadi tumboni, masikio yamelala nyuma, mboni zimepanuka mpaka rangi ya kahawia ya jicho ikawa haionekani. Manyoya ya shingoni yalikuwa yameisha kwa kusuguliwa na mnyororo, na nyuma ya meno yake marefu kulikuwa na mikwaruzo iliyong'aa, kwa sababu alikuwa ameutafuna mnyororo huo kwa miezi mingi. Alipoona mkono wangu unainuka alijikojolea, kisha akanirukia. Hakuna ujasiri hapo. Huyo ni mnyama anayeteseka, na siku atakapokatika mnyororo atakayekuwa karibu si lazima awe mwizi.

Mbwa huyo hakuzaliwa hivyo, na hili ndilo ningependa lieleweke kuliko jambo jingine lolote ninaloandika hapa. Alinunuliwa akiwa na wiki sita, akawekwa kwenye banda la bati ukutani ili "asizoeane na watu", akafunguliwa usiku tu, na akalishwa ugali uliochanganywa na pilipili kwa imani kwamba pilipili huleta hasira. Pilipili huleta maumivu ya tumbo na kuhara. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walionyesha miongo mingi iliyopita kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi, kuanzia takribani wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho ubongo wake hupokea kwa urahisi watu, sauti, harufu na wanyama wengine kama mambo ya kawaida ya dunia. Anachokutana nacho kwa utulivu katika wiki hizo hakitamtisha ukubwani. Asichokutana nacho huwa adui. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa banda la bati katika wiki hizo amenyimwa kitu ambacho mwalimu yeyote wa mbwa, kwa ada yoyote, hawezi kumrudishia kikamilifu.

Sasa, je, mbegu, yaani aina ya mbwa, haina maana yoyote? Ina maana, na hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu wapo wanaovuka mpaka upande wa pili na kusema mbwa wote ni sawa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Kathleen Morrill na Elinor Karlsson, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Waligundua kwamba mbegu inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Nautaja utafiti huo mara kwa mara, lakini una mambo mawili ambayo hunifanya nisiutumie kama rungu. Kwanza, majibu yalitoka kwa wenye mbwa wenyewe, na mwenye mbwa huona anachotaka kuona. Pili, uwezekano wa mbwa kung'ata ni swali moja, na kinachotokea baada ya kung'ata ni swali jingine. Rottweiler dume ana kilo 50 hivi, jike 42 hivi. German Shepherd dume huwa kati ya kilo 30 na 40, jike kati ya 22 na 32. Mbwa mdogo akikosea, mtoto anapata mchubuko. Mbwa wa kilo 50 akikosea, tunazungumzia chumba cha upasuaji. Kwa hiyo ninaposema mbegu haiamui moyo wa mbwa, sisemi kwamba kosa la malezi lina bei moja kwa kila mbegu.

Nyongeza ya historia, kwa ufupi. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la farasi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa wa kuchunga kondoo na kumpa jina Horand von Grafrath; huyo ndiye German Shepherd wa kwanza kuandikwa katika daftari la mbegu hiyo. Rottweiler amepata jina kutoka mji wa Rottweil, kusini magharibi mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Wote wawili walianza kwa kazi ya mifugo. Alama ya kazi hiyo bado inaonekana: German Shepherd hufuata kitu kinachokimbia, na watoto wakianza kukimbizana uwanjani yeye huwazunguka na kuwadonoa visigino, wakati Rottweiler husukuma kwa ubavu na kifua, akamwangusha mtoto wa miaka mitatu bila nia yoyote mbaya. German Shepherd hubweka sana na akikosa kazi huanza kuzunguka uzio mpaka nyasi ziishe. Rottweiler hutazama kwanza, na utulivu huo ndio uliomfanya yule baba adhani ameuziwa mbwa mbovu.

Mahali ambapo mbegu inasema mengi, na ambapo karibu hakuna mteja anayeniuliza, ni mwilini. Nianze na kupe, kwa kuwa tunaishi pwani na kupe hawana msimu. Kupe wa kahawia wa mbwa husambaza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, na ugonjwa huo ukimpata German Shepherd mara nyingi huwa mkali kuliko kwa mbwa wengine. Wakati wa vita vya Vietnam, mbwa wengi wa jeshi la Marekani, hasa wa mbegu hii, walikufa kwa kutokwa na damu kutokana nao. Mezani huanza kwa dalili ndogo: mbwa amesusa chakula siku mbili, ukiinua mdomo ufizi ni mweupe kama karatasi, halafu asubuhi moja damu inatiririka puani. Tiba ipo na hufanya kazi ikiwahi, lakini huchukua wiki nne za vidonge, na wengi huacha wiki ya pili mbwa anapoanza kula. Na tafadhali, msimchome mbwa dawa ya ivermectini ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Baadhi ya German Shepherd wana hitilafu ya kurithi inayofanya dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo, na nimewapokea waliolala wakitetemeka, vipofu, kwa sababu jirani mwenye ng'ombe alikuwa na chupa.

Rottweiler kwa upande wake huathirika vibaya na parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuhara damu, anapokuwa mdogo. Akikua, goti lake na mifupa ya miguu ndivyo vya kuangaliwa, kwa sababu saratani ya mfupa humpata zaidi ya mbwa wengi, na umri wake huwa mfupi, mara nyingi miaka 9 hivi. Nyonga ni tatizo la wote wawili. Hapo ugomvi wangu ni na unga wa chokaa unaouzwa kwa ajili ya kuku na ng'ombe, ambao watu humwekea mtoto wa mbwa ili "mifupa ikomae". Mtoto wa mbegu kubwa hana uwezo mzuri wa kukataa madini yaliyozidi, na kumzidishia huharibu mifupa ileile tunayotaka kuiimarisha. Mpe chakula cha kutosha, akue polepole, abaki mwembamba kiasi cha kuzihisi mbavu zake kwa vidole, na asishinde akiteleza kwenye vigae.

Kichaa cha mbwa nakipita haraka kwa sababu hakina mjadala: chanjo akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, awe wa mbegu yoyote.

Lipo jambo moja ambalo bado linanisumbua. Chanjo za parvo hazikamiliki mpaka mtoto wa mbwa afikishe wiki ya 16 au zaidi, na dirisha lile la kuzoea dunia linakuwa limekwisha kufungwa. Kwa miaka mingi niliwaambia watu wamfungie ndani mpaka chanjo ya mwisho, na nilidhani nawalinda. Baadhi ya watoto wale wa mbwa waliepuka parvo wakarudi kwangu wakiwa na miaka miwili, wamefungwa midomo, waking'ata. Siku hizi nasema wambebe mikononi: wampeleke kituo cha daladala, asikie bodaboda, aone mtu mwenye mwavuli, mwanamke aliyejitanda, mtoto anayelia, lakini miguu yake isiguse ardhi wanapopita mbwa wengine. Kwa Rottweiler ushauri huo hunitia hofu zaidi, na nimewahi kumpoteza mmoja ambaye sijui kama aliupata ugonjwa katika matembezi hayo niliyoyashauri mwenyewe. Bado nautoa, kwa sababu ninaowapoteza kwa woga ni wengi zaidi.

Kuhusu watoto, mbwa yeyote asiachwe peke yake na mtoto mdogo, hata dakika ya kwenda kuzima jiko. Na mbwa akinguruma, asipigwe. Kunguruma ni lugha yake ya kuomba nafasi. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku inayofuata anang'ata bila kutoa taarifa, kisha familia inaniambia "amebadilika ghafla". Mwondoe mtoto, kisha utafute kilichomuudhi: ni chakula, ni sikio lenye uvimbe, ni nyonga inayouma mtoto anapompandia mgongoni.

Familia nyingi za Kiislamu huniuliza pia watamzoeshaje mbwa wa ulinzi ilhali majimaji ya mbwa ni najisi. Inawezekana kabisa. Mbwa hahitaji kulambana na watu ili awazoee. Anahitaji kusikia sauti zao, kulishwa kwa saa zisizobadilika, kutembezwa kwa kamba na mtu mmoja wa nyumbani, na kuwa na banda lake lenye kivuli na maji. Baadhi ya mbwa watulivu zaidi ninaowatibu wanatoka katika nyumba ambazo watu hawamgusi mbwa bila sababu lakini hawamtesi.

Kwa hiyo mkinibana nichague, kwa nyumba ya Dar es Salaam yenye watoto, ningechagua jike badala ya dume katika mbegu zote mbili. Kama nyumba haiwezi kununua dawa ya kupe kila inapohitajika, mwaka mzima, isichukue German Shepherd. Kama hakuna mtu mzima mwenye nguvu za kumshika mbwa wa kilo 42 kwa kamba, au fedha za chanjo zote za mwanzo kwa wakati, isichukue Rottweiler. Kama hakuna mwenye saa moja kwa siku ya kumtembeza kabla jua halijachomoza, isichukue hata mmoja. Kuna mbwa wa kienyeji wenye afya ambao watabweka geti likigongwa, na hilo ndilo wezi wengi hawalipendi. Na ukienda kununua, omba kumwona mama wa watoto hao akiwa na muuzaji wake. Ukiambiwa hawezi kusogelewa kwa kuwa ni mkali sana, usinunue hapo.

Yule baba nilimwomba asimrudishe mbwa wake kwanza. Nilimtoa nje ya chumba na binti yake, nikabaki na mbwa, kisha nikamwambia msaidizi wangu, ambaye mbwa hajawahi kumwona, apige mlango kwa ngumi na kuingia kwa kishindo akiwa amevaa koti la mvua na kofia. Mbwa aliinuka, akasogea akasimama katikati ya mlango na mimi, akabweka mara mbili kwa sauti iliyotikisa vioo vya kabati la dawa, akabaki hapohapo hajarudi nyuma hata hatua moja. Msaidizi alipovua kofia na kumwita kwa upole, alimnusa mkono, akarudi kulala. Baba alikuwa anatazama kupitia dirishani. Aliniuliza chanjo inayofuata ni lini.