Je, wajua kwa nini 11111 haiwezi kuwa namba mraba, hata ukiongeza tarakimu 1 mwishoni mpaka uchoke?

Moja yenyewe ni namba mraba, si 1×1 ni 1, haya sasa endelea kuziandika hizo moja, 11, 111, 1111, jaza daftari zima ukitaka, hutapata hata moja ambayo ni namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe. Na sio kwamba watu wamejaribu nyingi wakakosa tu, hapana, hoja ni fupi na inazimaliza zote kwa mkupuo.

Gawa kwa 4 halafu angalia baki, basi. Namba shufwa yoyote ni 2k, ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 4k², inagawanyika kwa 4, baki 0. Witiri ni 2k+1, nayo inakupa 4k²+4k+1, baki 1. Yaani kila namba mraba duniani inabakiza 0 au 1, ukiona 2 au 3 usihangaike hata na kalkuleta. Sasa, 100 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho tu ndo zinaamua baki, na kwenye orodha yetu ni 11 siku zote. 11 gawa kwa 4, baki 3. Kwisha habari.

Ila wengi hapa huteleza: baki kuwa 0 au 1 haimaanishi umepata namba mraba, 5 inabakiza 1 na sio mraba, 8 inabakiza 0 nayo sio. Baki inajua kukataa tu, kukubali haijui.

Kwa vipeo vya tatu, yaani namba kama 2×2×2, gawa kwa 9, utaona baki ni 0, 1 au 8 tu (jaribu mwenyewe, inanoga).

Lakini kuna swali ujanja huu peke yake hauliwezi. 8 ni 2³ na 9 ni 3², zimefuatana, je ukiacha 0 na 1 kuna vipeo vingine (vya pili, vya tatu au zaidi, vya namba nzima) vinavyofuatana hivyo? Mwanahisabati Eugène Catalan alisema 1844 kwamba hakuna. Huwezi kukataa kwa baki tu, maana hoja ya baki ya kukataa vyote kwa mkupuo ingezikataa na 8 na 9 zenyewe, na hizo zipo tunaziona! Ikabidi kusubiri mpaka 2002, mwanahisabati Preda Mihăilescu wa Romania akathibitisha, na njia yake sio ya kurasa mbili tatu.