Kipimo cha haiba kwenye usaili wa kazi ni nini?

Ni dodoso. Mwombaji anapewa kauli fupi nyingi, mfano "Napanga kazi zangu mapema" au "Huwa wa kwanza kuongea kikaoni", naye anachagua jibu kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Majibu yakijumlishwa, mwajiri anapata picha ya mwenendo wake: ni mtu wa kumaliza alichoanza, wa kuchangamana, wa kutetereka akibanwa? Anayeomba kazi ya uhamasishaji jamii kambini Nyarugusu, Kasulu, au ya ofisa mikopo Kigoma mjini, anaweza kutumiwa dodoso la namna hii kabla hata hajaitwa mbele ya wasaili. Mara nyingi huja pamoja na maswali ya hesabu na mantiki, lakini hayo hupima uwezo, na yana jibu moja sahihi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanasaikolojia Robert Woodworth alilitungia jeshi la Marekani maswali ya ndiyo au hapana ya kuwatambua askari wapya ambao akili zao zisingehimili vita.

Siku hizi wanasaikolojia wengi hutumia sifa kuu tano: kupenda mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, kuelewana na watu, na kuyumba kihisia. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walijumuisha matokeo ya tafiti nyingi, wakaona uwajibikaji unaendana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza. Unaendana, lakini si kwa nguvu ya kumtabiri mtu mmoja mmoja. Kipimo maarufu zaidi mitaani, cha Myers-Briggs, huwagawa watu katika aina 16, na wachapishaji wake wenyewe wanasema kisitumike kuchuja waombaji. Wapo waajiri wanaokitumia hata hivyo.

Linalonisumbua zaidi ni ulinganisho. Alama zako hazina maana zikiwa peke yake. Husomwa kando ya alama za watu waliojibu dodoso hilo kabla yako. Kama hao walikuwa makarani wa London, binti wa Kibondo aliyefunzwa kuwaachia wakubwa waanze kusema ataonekana mpole kupita kiasi, kumbe ana adabu tu. Dodoso likiwa la Kiingereza kigumu, linapima lugha kwanza. Mwajiri makini huuliza kipimo kilisanifiwa kwa watu gani kabla hajakilipia.

Kuigiza nako kuna mtego. Swali moja hurudi kwa sura nyingine kurasa kadhaa mbele, na baadhi ya madodoso huweka kauli kama "Sijawahi kumkasirikia mtu yeyote". Ukikubali kila kauli ya aina hiyo, ripoti itasema unajipamba. Jibu unavyoishi kazini, usijibu kama unavyotamani kuwa, na uwe na mfano mkononi, kwa sababu wasaili wanaweza kukuuliza: "Umesema unapenda kufanya kazi peke yako, hapa tunakwenda vijijini kwa timu, utafanyaje?"

Majibu hayo ni taarifa zako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba kujua mwajiri ana taarifa gani kukuhusu na anazitumiaje, hata kama kazi hukuipata.