Ushuru wa Trump, WTO na mambo tunayodanganyana kijiweni

Tangu Marekani ibandike ushuru wa asilimia 50 kwenye bidhaa nyingi za Brazil Agosti 2025, kila kijiwe kina mchumi wake, na uongo umekuwa mwingi.

Kuna wanaosema Brazil ndo inalipa huo ushuru. Hapana jamani, analipa anayeingiza mzigo, yaani mfanyabiashara wa Kimarekani anayetoa kontena la kahawa bandarini kwake, halafu anamsukumia mnywaji bei. Brazil inachopoteza ni soko. Novemba mwaka huohuo, kahawa imeshapanda bei madukani kwao, Trump mwenyewe akaitoa kwenye orodha pamoja na nyama ya ng'ombe. Sasa kama mlipaji alikuwa Mbrazil, haraka ya nini?

Nyingine, na hii ndo inanikera zaidi, eti WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani linaloamua kesi za biashara kati ya nchi, ni klabu ya matajiri na mnyonge hashindi kesi pale. Mwaka 2002 Brazil iliishtaki Marekani kwa ruzuku ya pamba, ikashinda, Marekani ikakata rufaa ikashindwa tena, wakaburuzana weee mpaka 2014 Marekani ikakubali kutoa dola milioni 300 kwa taasisi ya pamba ya Brazil yaishe. Halafu angalia sisi na mitumba. 2016 nchi za EAC zilikubaliana kuiondoa sokoni taratibu, Marekani wala haikuhangaika kufungua kesi, ilitishia kututoa AGOA tu, ule mpango wao wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwao bila ushuru, maana AGOA ni hisani yao, akitaka anakupa akitaka anakunyang'anya. Kenya ikalegeza mapema, Tanzania na Uganda zikafuata, Rwanda ikakaza shingo na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Nani wa kumkatia rufaa kwenye hisani?

Wengine wanasema kuhusu ushuru huu wa Trump, "Si waende tu WTO wakashtaki." Brazil walienda, Agosti hiyohiyo ya 2025 wakaomba mashauriano, ambayo ndo hatua ya kwanza ya kesi. Shida ni kwamba chombo cha rufaa kimelala tangu Desemba 2019, Marekani inagoma kupitisha majaji wapya na pale mmoja akigoma ndo basi tena. Ukishindwa kesi unakata rufaa kwenye viti vitupu, faili linaota vumbi.

Ila msidhani wakorofi ni Wamarekani peke yao na hawa BRICS, umoja wa akina Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, ni malaika. India hiyohiyo inayohubiri biashara ya haki ilishindwa Desemba 2021 kwenye kesi ya ruzuku ya miwa na sukari, nayo ikakimbilia viti vitupu vilevile, na aliyeishtaki mmojawapo ni Brazil, ndugu yake wa BRICS! Julai 2023 ikafunga kuuza nje mchele mweupe usio basmati, bei ikaruka dunia nzima, walaji wa Afrika tukaisikia sahanini, hadi Septemba 2024 ndo ikafungua.

Nchi zilizochoka kusubiri chombo hicho kiamke zilijitengenezea utaratibu wao wa muda wa kusikiliza rufaa mwaka 2020. Brazil imo, China imo, Umoja wa Ulaya umo. India haimo.